xsltproc: uzoefu wangu, na kiolezo ambacho hakikuwahi kuitwa

Naitumia xsltproc kugeuza milisho ya Atom (faili za XML zinazoorodhesha makala za tovuti) kuwa kurasa za HTML, kwa violezo ninavyoviandika kwa lugha ya XSLT. Ni programu ya terminali, ya bure, inakuja pamoja na maktaba ya libxslt. Nyepesi mno; kwenye laptopu yangu kuukuu inamaliza kabla sijaondoa kidole kwenye Enter.

Siku ya kwanza niliandika kiolezo chenye match="entry", cha kushika kila makala (entry) ya mlisho, nikapata uji: vichwa, tarehe na majina yamegandana, bila tagi hata moja. Wala haikulalamika kosa lolote. Jioni nzima nikawa naisingizia programu. Kilichoniokoa ni --profile, inayotoa jedwali la violezo vilivyoitwa na mara ngapi. Changu hakikuwemo! Elementi za Atom zina neimspesi yake (anwani inayotofautisha majina yake na ya lugha nyingine za XML), http://www.w3.org/2005/Atom, na kwa XSLT 1.0 "entry" tupu ni entry isiyo na neimspesi yoyote. Nodi (elementi au kipande cha maandishi) ikikosa kiolezo, kanuni za ndani huichukua: elementi hufunguliwa, maandishi humwagwa yalivyo. Nikatangaza kiambishi a juu ya faili, nikaandika a:entry, uji ukaisha.

Kosa la pili lilinichelewesha zaidi, maana nilikuwa nasoma ruwaza, yaani yale yaliyomo ndani ya match, kama njia ya kutembea ndani ya faili. Kumbe nodi ndiyo inayosimamishwa na kuhojiwa, kuanzia kulia. Kwa a:entry/a:title huulizwa: wewe ni a:title? Mzazi wako ni a:entry? Basi pita. Kwa hiyo //a:title hunasa nodi zilezile za a:title, ila ile mikwaju miwili inapandisha kipaumbele (namba inayoamua kiolezo kipi kishinde) kutoka 0 hadi 0.5. Mimi niliiweka kwa mazoea tu, kwenye kiolezo cha kichwa cha ukurasa, chini kabisa ya faili. Ikalingana na a:entry/a:title, ambayo nayo ni 0.5, na wakilingana xsltproc humchukua wa mwisho, kimya kimya. Vichwa vya makala zangu vyote vikatoka kwa sura ya kichwa cha ukurasa. Nilipofuta mikwaju, kila kimoja kikarudi mahali pake.

Ninachokikosa ni xpath-default-namespace ya XSLT 2.0, ambayo ingeniondolea hizo a: kila mstari. xsltproc imebaki na 1.0, ya mwaka 1999. Anayeitaka hiyo aende Saxon, programu nyingine ya XSLT, awe tayari kusubiri Java iamke. Mimi natoa nyota 4, na moja kati ya hizo ni ya --profile peke yake.