Unaenda Kibuye na nini: noti, tili au Fuliza?

Kila Jumapili naenda soko la Kibuye, hapa Kisumu, na shilingi 2,000 za omena, nyanya, sukuma wiki na maharagwe. Nilipokuwa nalipa kila kitu kwa simu, nilirudi nyumbani nimetumia zaidi, na sikuweza kusema zilikoishia. Ndipo nikaanza kujaribu njia moja baada ya nyingine. Nimezipanga kwa kigezo kimoja: je, inakufanya usikie uchungu pesa inapotoka?

1. Noti mkononi

Kutoa 2,000 kwa ajenti wa M-Pesa ni shilingi 29, mara moja tu. Ukituma kwa wauzaji saba, kila mmoja kati ya shilingi 101 na 500, unakatwa 7 kila mara: jumla 49. Lakini ada si sababu kubwa. Noti unaziona zikipungua, na nikibaki na mia mbili ya mwisho huwa naligeuza tikitimaji mara mbili, kisha nalirudisha.

Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha mwaka 2001 matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa, hata mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu, na tiketi ni zile zile. Niliposoma hayo nilijiona mwenyewe, simu mkononi mbele ya meza ya samaki.

Kasoro ya noti ni wezi na chenji. Beba za mia na mia mbili, mfuko wa mbele.

2. Namba ya tili

Hii ni namba ya biashara unayoilipa kwa M-Pesa. Mnunuzi hakatwi ada, na ujumbe unabaki kama risiti. Kwa dukani, hii ndiyo nzuri. Tatizo ni kwamba salio unaliona ukishanunua, na wengi wetu hatufungui ule ujumbe. Jumamosi jioni hamishia pesa nyingine M-Shwari, akaunti ya akiba ya M-Pesa, uache ya soko peke yake.

3. Kutuma kwa namba ya muuzaji

Chini ya shilingi 101 ni bure, na hapo ndipo ilipo hatari: sitini ya dania na vitunguu, themanini ya ndizi, hakuna kinachouma. Ukilazimika, andika kila kiasi kwenye karatasi kabla ya kuweka namba ya siri. Na usome jina vizuri.

4. Kadi ya benki

Supamaketi tu. Kwa mama mboga haina kazi.

5. Fuliza

Ni mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, na kazi yake ni kujazia pale salio linapopungua. Unatozwa asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada ya kila siku kulingana na deni, na pesa yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza. Kwa usiku wa kukimbiza mtoto hospitali, nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Kwa nyanya, hapana. Sokoni ule mpaka wa 2,000 hautakusimamisha, kwa sababu malipo yanapita hata salio likiwa limekwisha. Kama huwezi kujizuia, jitoe kwenye huduma Ijumaa, kabla Kibuye hakujajaa.