Nilimpeleka ami mkalafati kwenye boti za mfereji, Stoke Bruerne

Nyota nne. Ya tano ningeitoa lau ningeruhusiwa kulala mle chemba ya boti usiku mmoja, lakini hiyo ni tamaa yangu tu.

Ami yangu alikuja kutoka Unguja mwezi wa saba, na siku ya tatu alishachoka na maduka. Amekalafati majahazi, yaani kuziba mishono ya mbao zake, pale Malindi ya Unguja tangu ujana wake, basi nikaona nimtoe Milton Keynes tukaangalie vyombo vya watu wa huku. Stoke Bruerne ni kijiji cha Northamptonshire, Uingereza, kando ya mfereji wa Grand Union. Kinu cha zamani cha nafaka kilichopo ukingoni kiligeuzwa makumbusho mwaka 1963. Mwaka huohuo, baada ya baridi iliyogandisha mifereji kwa majuma, shirika la serikali liliacha karibu kazi yote ya kubeba shehena kwa boti hizi. Yaani makumbusho yalifunguliwa maiti haijapoa.

Ndani tulipita haraka. Ami hasomi Kiingereza, na mimi nilikuwa nimechoka kutafsiri. Kilichomshika ni picha ya Sister Mary Ward, muuguzi aliyewatibu mabaharia wa mfereji na watoto wao hapohapo kijijini kwa miaka mingi. Akaniuliza watoto walikuwa wakifanya nini botini. Nikamwambia walizaliwa humo. Reli ilipowanyang'anya biashara karne ya 19, nauli zikashuka, na wengi wakaacha kupanga nyumba nchi kavu. Mke akawa baharia, watoto wakawa wachunga farasi waliokokota boti.

Nje ndiko kwenye utamu. Siku ile zilikuwa zimefunga gatini boti mbili za mtu binafsi, moja ya injini na ya pili ya kukokotwa, ya mbao. Kwa mtu wa pwani ni vyombo vya kuchekesha: urefu kama mita 21, upana mita 2 na kidogo, kama jahazi lililovutwa ncha zote mbili. Upana huo umetokana na malango membamba ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti, katika mifereji mingi ya kati ya nchi. Hapa malango ni mapana, boti mbili zinaingia bega kwa bega, na jozi moja ilibeba kama tani 50, hasa makaa ya mawe.

Ami hakuomba ruhusa. Alipiga magoti, akagonga ubavu wa ile ya mbao kwa kifundo cha kidole, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Si pamba hii." Kweli, ni katani iliyochovywa lami. Mwenye boti alipoona yule mzee anajua anachokigusa, akatoka na vikombe vya chai, nami nikarudishwa kazini kutafsiri. Alitueleza kwamba mafundi wa zamani walipaka mbao mchanganyiko wa moto wa lami, manyoya ya ng'ombe na mavi ya farasi. Ami alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi shahamu na chokaa, wao mavi ya farasi!"

Walichobishana ni jinsi ya kutunza boti za mbao. Mbao za chini ni za mti wa elm, zimelazwa kukingama. Zikikaa majini hudumu, ukiziweka nchi kavu zinakauka, zinapasuka na mishono inafunguka. Lakini chombo kikikaa majini bila kushughulikiwa, kinaoza pale maji yanapokutana na hewa. Kwa hiyo mwenye boti anabadilisha ubao mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na wapo wanaomlaumu kwamba hiyo si tena boti ya kale. Ami alishangaa. "Jahazi gani limebaki na mbao zake za kwanza?" Mimi niko upande wa ami. Ukisubiri ubao uwe wa asili, utabaki na picha.

Kisha tukachungulia chemba ya tezi. Mita 3 kwa 2, nafasi ya familia nzima: jiko la makaa mlangoni, mlango wa kabati unaoshuka ukawa meza, kitanda kinachokunjuliwa kukingama, sahani zenye kingo za matundu kama lesi ukutani, mawaridi na makasri yaliyochorwa kila penye nafasi, shaba inayong'aa hata ukiona uso wako. Ami alipita akiwa ameinama, hakusema neno.

Injini ilikuwa Bolinder ya Kiswidi. Kwanza kichwa chake kinachomwa kwa jiko la pampu mpaka kiive, kisha unalipiga teke gurudumu. Ikaitika: dum, dum-dum, kimya, dum. Ule ukimya wa katikati ndio unaokutia hofu.

Juma lililofuata tulipanda boti ya kutembeza wageni katika mji mwingine. Viti vya plastiki, maelezo ya kanda yaliyomezwa na injini, na hakuna wa kuulizwa. Fedha zimekwenda bure.

Mkienda Stoke Bruerne, vaeni viatu vya matope na mfuate njia ya ukingoni hadi mdomo wa handaki la Blisworth, la tangu 1805. Ni kama kilomita 2.8 bila njia ya farasi, watu walilala chali botini wakasukuma ukuta kwa miguu. Na kama kuna boti ya mtu imefunga, msalimieni.

Ami ameshaniuliza mara mbili kama yule mzungu anahitaji fundi.