Apu ya samaki hapa Tanga, usafiri safi ila nyota zake hapana

Jamani wana Tanga, kuna hii apu ya kuagiza samaki toka soko la Deep Sea, jina naomba niliache, nimeitumia miezi minne nikiwa Chumbageni na kwa usafiri kusema kweli hawana baya, kijana wa bodaboda anafika samaki bado wako kwenye barafu, akichelewa anapiga simu mwenyewe.

Shida ni nyota. Mwezi uliopita nlitaka changu kilo 2, nafungua tu juu kabisa kuna muuzaji ana nyota 5 kamili, nikalipa bila kuwaza. Mzigo umefika nafunua mashavu, yashakuwa kahawia, macho yamezama, ukimbonyeza kidole kinaacha shimo. Ndo narudi kuangalia vizuri, kumbe hizo nyota 5 kazipata kwa watu 3 tu! Na chini yake kuna mama ana komenti 200, watu 190 wanamsifia na 10 wanalalamika, ye kawekwa chini kisa ana 4.8.

Wakati hili watu wa kompyuta walishalipigia hesabu, Jøsang na Ismail mwaka 2002, na ni nyepesi mno: chukua sifa nzuri ongeza 1, gawanya kwa komenti zote ukijumlisha 2. Yule wa watu 3 anapata 4 kwa 5, asilimia 80, mama anapata 191 kwa 202, karibu asilimia 95, yani anapanda juu anapostahili, na mgeni asiye na komenti hata moja anaanzia nusu, hajasifiwa hajatukanwa. Halafu hesabu yao inaruhusu komenti za zamani zipungue uzito, na kwenye samaki hapo ndo penyewe, sifa ya mwaka juzi haimfanyi changu wa leo awe freshi.

Kingine, kujisajili wanataka namba ya simu tu, kwa hiyo mwenye laini 4 anajisifia mara 4. Mwaka huohuo 2002 mtafiti mwingine wa kompyuta, Douceur, alionyesha kwamba pasipo na mmoja wa kuhakiki nani ni nani, mtu mmoja atajifanya kundi zima na mfumo usijue. Nyie wenye apu, malipo yote yanapita kwenu, basi nyota atoe aliyelipa na mzigo kaupokea!

Pesa yangu walirudisha kesho yake, nashukuru sana. Bado naagiza, ila kila siku nashuka hadi chini kumtafuta yule mama. Nawapa nyota 3, mkirekebisha huo mpangilio ntarudi kubadilisha.