Mwezi wa kwenda Zanzibar: tazama bamvua kabla ya bei

Malalamiko ninayoyasikia hapa Dodoma kutoka kwa watu waliorudi kutoka Zanzibar yanafanana: walilipia hoteli ya ufukweni Paje au Jambiani, wakaamka na kukuta bahari imekwenda mamia ya mita, na mbele yao wamebaki akina mama wakihudumia mwani uliofungwa kwenye vigingi. Wauza safari huzungumzia mvua na joto tu; habari za maji kupwa na kujaa hawazigusi.

Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, bahari huwa ya bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Huko Zanzibar maji ya bamvua hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati uleule mgeni anapomaliza chai na kutaka kuogelea. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali yanapokupwa, na asubuhi huyakuta yamejaa. Pwani ya mashariki, ziliko Paje na Jambiani, ndiyo huumia zaidi kwa kuwa maji yake ni haba hadi kwenye mwamba. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, zina kina karibu na ufukwe, nami sifichi kwamba nazipendelea.

Nafasi ya kwanza naipa Septemba. Upepo wa kusi umeanza kulegea, tanga mbili, yaani kipindi cha pepo kubadilika, inakaribia, vuli haijaanza, na watalii wa Julai na Agosti wanapungua, hivyo bei hujadilika. Chagua wiki ambayo mwezi ni nusu, na hata Paje itakufaa.

Februari ni ya pili. Joto ni kali na upepo wa kaskazi huweza kuipa Nungwi mawimbi, lakini pilikapilika za mwaka mpya huwa zimekwisha. Kumbuka tu kwamba mwaka 2026 na 2027 Ramadhani huanza ndani ya Februari, na migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana. Juni ni ya tatu, kwa wenye watoto wa shule, ingawa kusi huitikisa boti kiasi cha kuwatapisha waliozoea nchi kavu kama sisi.

Aprili na Mei bei ni rahisi, lakini kuna mvua. Mtu wa Dodoma hudanganyika kwa sababu mvua zetu huisha Aprili, ilhali masika ya Zanzibar huendelea Mei.

Desemba naiweka mwisho kwa sababu ya bei. Tangu 2024 treni ya SGR hutufikisha Dar es Salaam kwa saa chache, na boti huchukua takriban saa mbili, kwa hiyo nauli si kisingizio tena. Hata hivyo, wakala mmoja wa hapa mjini alinitajia bei ya Desemba kwa dola, mimi ninayelipwa mshahara kwa shilingi. Nilipomuuliza kama tarehe hizo zitakuwa za bamvua au za maji mafu, alinionyesha picha kwenye simu, maji yakiwa yamefika kwenye ngazi za hoteli, kisha akasema vimebaki vyumba viwili tu. Hoteli inayoijua bahari yake hulijibu swali hilo kwa tarehe na saa. Isiyoweza kulijibu, usiitumie malipo ya awali.