Pampu ya mkono ya kupima presha ya rejeta: je, inafaa kwa gari la zamani linalokula kulanti?

Gari lenye umri likianza kupunguza kulanti, yaani maji ya kupoza injini, bila tone kuonekana chini, kazi hugeuka kuwa ya kubahatisha. Leo unabadilishwa mfuniko wa rejeta, kesho themostati (vali inayofunguka kwa joto), keshokutwa wota pampu (inayozungusha kulanti), na tanki la akiba bado linakauka. Kifaa kinachokata ubishi ni pampu ya mkono yenye geji, ambayo hufungwa mahali pa mfuniko na kusukuma hewa kwenye mfumo wa kupoza injini. Tunazungumzia seti za kawaida za boksi la plastiki: pampu, mpira wenye kiunganishi cha kubofya, adapta za rangi mbalimbali, na mara nyingi kipimajoto ambacho unaweza kukisahau humo humo ndani ya boksi.

Ubora wake uko kwenye jambo moja. Injini ikiwa moto, mfumo hubeba presha, na kiwango chake kimeandikwa juu ya mfuniko: 0.9 au 1.1 kwenye magari mengi ya Kijapani, takribani bar, sawa na psi 13 na 16 hivi. Ufa mwembamba hutoa maji wakati huo tu, nayo hukauka juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini. Injini ikipoa, presha inashuka na ufa unatulia. Pampu hii huleta presha ya injini moto kwenye injini baridi, ambako tone halikauki na mkono wako hauungui.

Injini iwe baridi kabisa, siyo vuguvugu. Mfuniko ukifunguliwa ukiwa na presha, kulanti huruka na kuunguza uso. Jaza rejeta mpaka shingoni, kwa sababu hewa ikiwa kidogo, hata uvujaji mdogo hushusha mshale haraka. Hewa ikiwa nyingi, mshale unasimama ukakudanganya. Sukuma mpaka namba ya mfuniko, usipite hapo. Kichwa cha plastiki cha rejeta kilichozeeka hakitaki kujaribiwa nguvu, na ukikipasua kwa bar 1.5 utakuwa umejitengenezea tatizo ambalo gari halikuwa nalo. Dakika ya kwanza mshale hushuka kidogo kwa kuwa mipira ya kulanti inatanuka. Rudisha presha, kisha hesabu dakika 15.

Mshale ukishuka, shuku kwanza kifaa chenyewe. Paka maji ya sabuni kwenye adapta na kwenye kiunganishi. Seti za bei ya chini huvujia hapo kuliko mahali pengine popote, na oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia) ni nyembamba mno. Hii ndiyo kasoro kubwa ya seti hizi: unaweza kulaumu gari zima kwa kosa la kipande cha mpira.

Kifaa kikiwa salama, washa tochi na ufuate maungio. Kwenye rejeta, angalia pale kichwa cha plastiki kinapobanwa na meno ya alumini. Alama ya chumvi nyeupe, kijani au waridi iliyokauka inatosha kuwa ushahidi hata kabla ya tone. Kwenye mipira, minya ncha karibu na klipu: ikiwa laini na imevimba, mafuta yameshaila, ikiwa ngumu na ina mistari ya nyufa, joto limeimaliza. Chini ya wota pampu kuna tundu dogo lililowekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka, maji yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi. Michirizi inayoshuka kutoka tundu hilo haina tiba nyingine, pampu ibadilishwe. Kama inazungushwa na mkanda wa taimingi, badilisha mkanda na tensheni (kikazio chake) wakati huo huo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Usisahau sehemu zinazofichika: mipira midogo inayopitisha kulanti kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), bomba la chuma linalopita nyuma ya injini, na vile vizibo vya chuma vya duara ubavuni mwa bloku. Vizibo hivyo huliwa na kutu kutokea ndani, hasa kwenye gari lililotembezwa miaka mingi kwa maji matupu. Ndani ya gari, pekua zulia upande wa abiria na unuse. Harufu tamu na kioo cha mbele kinachopata ukungu wenye mafuta vinaelekeza kwenye rejeta ndogo ya hita.

Taabu huanza pale mshale unaposhuka na nje kukawa kukavu kabisa. Iache presha ndani ya mfumo usiku kucha, kisha ng'oa plagi zote, kata umeme wa koili za plagi na wa pampu ya petroli, na uzungushe injini kwa stata. Tundu likitema ukungu wa maji, silinda hiyo ndiyo inayokunywa kulanti. Usijaribu kuzungusha plagi zikiwa ndani: maji hayabanwi kama hewa, na kiasi kidogo juu ya pistoni kinaweza kukunja koneketingi rodi (mkono wa pistoni). Plagi yenyewe nayo husema. Iliyo safi isivyo kawaida huku wenzake wakiwa na masizi imekuwa ikioshwa na mvuke.

Kuna jaribio jingine ambalo seti nyingi hazilielezi kwenye karatasi yake. Funga pampu geji ikiwa sifuri, washa injini baridi, na uangalie mshale. Ukipanda kwa kasi ndani ya dakika ya kwanza, kabla kulanti haijapata joto, gesi ya mwako inapenya kwenye njia za maji: hedi gasketi (kizibo bapa kati ya bloku na silinda hedi) imekufa au silinda hedi ina ufa. Zima mara mshale unapokaribia namba ya mfuniko, kwa kuwa hapo hakuna mfuniko wa kuachia presha. Kuthibitisha, tumia kile kipimo cha kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na hewa ukaa. Punguza kulanti sentimita kadhaa kwanza, maana ikifyonzwa ndani, kimiminika huharibika na jibu halina maana tena. Kwa upande huo kipimo cha bluu kinaishinda pampu. Kwa uvujaji wa nje hakina msaada wowote.

Mfuniko nao upimwe kwa adapta yake. Ulowanishe, sukuma, na uone unaachia wapi. Wa 1.1 unaoachia kwenye 0.6 unatosha kueleza kwa nini kulanti hukimbilia tanki la akiba na kufurika. Bonyeza pia vali ndogo ya katikati. Ikiganda, kulanti hairudi rejeta injini inapopoa, na mpira wa juu hukutwa umejibana kwa kukosa hewa.

Adapta ndizo zinazotofautisha seti nzuri na mbaya. Idadi isikudanganye. Tafuta inayoshika shingo ya gari lako, iwe ya rejeta ya kupindisha au ya tanki lenye nyuzi za skrubu kama magari mengi ya Ulaya. Adapta za alumini hudumu kuliko za plastiki. Geji nazo huenda mpaka bar 2.5, hivyo kazi yako yote hufanyika kwenye kipande kidogo cha duara. Chora alama mahali mshale uliposimama, macho peke yake hayatoshi. Kama seti ina bomba la kujazia kulanti kwa kuvuta hewa, jua kwamba linahitaji kompresa. Bila kompresa ni pambo.

Rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno ni msaidizi mzuri pale uvujaji unapotokea barabarani tu. Iongeze, endesha gari siku mbili tatu, kisha mulika gizani. Dawa ya kuziba uvujaji hatuipendekezi kwa gari unalokusudia kubaki nalo. Haijui kutofautisha ufa na mirija myembamba ya hita, na huziba vyote.

Ukishajua panapovuja, matengenezo mengi ni mepesi. Mpira uliochoka ncha tu unaweza kukatwa sentimita 2 ukiwa na urefu wa kutosha, ila klipu ya skrubu isikazwe mpaka imeukata. Kichwa cha rejeta kilichopasuka, gundi ya epoksi hukufikisha nyumbani, haikai. Hedi ikifunguliwa, ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Injini nyingi ndogo za petroli huruhusu 0.05 mm hivi, na kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili.

Jaza kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, na usichague kwa rangi; rangi si kanuni, na aina zisizopatana zikichanganywa hutoa ute unaoziba. Weka hita kwenye joto kamili, inua pua ya gari, na acha injini ingurume mpaka themostati ifungue na feni iwake, huku ukiminya mpira wa juu kutoa mapovu. Injini ikishapoa kabisa, rudisha pampu kwa dakika 15 nyingine. Kulanti uliyomwaga ichukue mara moja: ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto hataiacha.