Darubini Isiyoingia Maji, Dhamana Isiyohusu Maji

Kijana aliyenihudumia dukani aliipokea darubini yangu ya kutazamia ndege, akaigeuza upande huu na huu, na kabla hajauliza ina tatizo gani akaniuliza: "Mathe, hii ulinunua wewe, ama ni mzungu alikuachia?" Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Malindi hadi Nairobi, miguu imevimba, risiti ya duka hilohilo imo mkobani ikiwa imekunjwa mara nne, nami sijapata hata kikombe cha chai. Neno lenyewe "mathe" wanangu wa kuzaa hawathubutu kunitamkia. Ningeweza kulisamehe, kwa kuwa kila mji una kauli yake, lakini hilo swali la mzungu sijalisamehe, na msomaji aelewe tangu mapema kwamba lote nitakaloandika katika tathmini hii limepita katika swali hilo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Kaunti ya Kilifi, na ndiye mlezi wa klabu ya wanyamapori shuleni kwetu. Klabu za namna hii zilianza nchini Kenya mwaka 1968, na nyingi hadi leo huendeshwa kwa moyo wa mwalimu mmoja na mfuko wake. Darubini hii niliinunua kwa zamu yangu ya upatu, nikaongeza na akiba iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya jikoni, pamoja na kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kilichokuwa kwenye rafu ya duka hilo. Ukubwa wa lenzi na uzito wake atakayetaka atavisoma kwenye sanduku. Kilichoninunulisha ni maneno mawili na picha moja iliyochapwa ubavuni mwa sanduku: kwamba haiingii maji, na tone la buluu limechorwa linateleza juu ya kioo. Kwa mtu anayeishi Pwani, ambako chumvi hula hata vitasa vya milango, hilo ndilo lililokuwa na thamani.

Wiki za mwanzo, nakiri, nilikuwa kama mtoto wa siku ya Idi. Nilimtazama furukombe juu ya mkoko hadi nikaona upepo ukimfunua manyoya ya shingoni. Wanafunzi walipanga foleni, kila mmoja akipewa hesabu ya thelathini, na wachache wao walihesabu polepole kwa hila.

Yaliyotokea yalitokea katika msitu wa Arabuko-Sokoke, masika yakiwa hayajakata, siku ya Jumamosi ambayo sikuiandika tarehe. Tulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na mwongozaji wa msitu. Asubuhi tuliingia kwenye vichaka vya udongo mwekundu kumtafuta bundi wa Sokoke, yule mdogo ambaye wanasayansi walimjua mwaka 1965 tu na ambaye urefu wake haufiki sentimita 20. Mwongozaji alitupeleka moja kwa moja hadi alipolala, naye alikuwa karibu mno kiasi kwamba darubini haikuhitajika. Kisha manyunyu yakaanza. Si mvua ya kukimbiwa. Ni rasharasha ya kulowesha mtandio. Nikaifuta darubini, nikaivaa shingoni bila wasiwasi, maana ilikuwa haiingii maji.

Tulipotoka kwenye udongo mwekundu na kuingia kwenye mchanga mweupe, chini ya miti ya mirihi, mwongozaji akanyanyua mkono. Juu kabisa ya vilele kulikuwa na kundi la kwera wa Clarke wakipita. Ndege huyu haonekani popote duniani ila katika kaunti yetu, na viota vyake havikujulikana hadi mwaka 2013 vilipoonekana kwenye vinamasi vya Dakatcha. Husafiri juu kwa juu, kwa pupa, na huwa yupo kwa dakika chache tu. Nilimpa darubini msichana wa kidato cha pili ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Akatazama, akanyamaza, akasema: "Mwalimu, naona maziwa." Nikaichukua, nami nikaona maziwa. Nikafuta vioo vya mbele na vya nyuma, bado maziwa. Ukungu ulikuwa ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Tulibaki kutazama vitone vya manjano kwa macho matupu, hadi vilipopotea upande wa kaskazini. Kitabu nacho kililowa siku hiyo hadi jalada likavimba. Nikakianika juu ya kiti, kikakauka, na kinasomeka.

Nieleze kidogo, kwa sababu kijana wa dukani alinieleza mimi kana kwamba sijui. Darubini za namna hii hujazwa naitrojeni kavu kiwandani, kisha zikazibwa kwa vipete vya mpira, ili hewa yenye unyevu isipate pa kuingilia. Ukungu wa nje ni jambo la kawaida, hata miwani hupata ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Ukungu wa ndani maana yake ni kwamba mpira umeachia na naitrojeni imeshatoka. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili hapa, kwani ukungu ni mvuke na ukungu ni kuvu pia, na huku kwetu wa kwanza ukikaa ndani ya kioo humkaribisha wa pili, ambaye hutafuna lenzi polepole na hatoki.

Haya yote niliyasema pale kaunta, kwa utulivu. Kijana akavuta ncha ya shati lake akaanza kusugua lenzi kwa nje. Ncha ya shati! Vumbi lililomo kwenye shati la mtu aliyepanda matatu asubuhi linatosha kuchora mistari kwenye kioo, na mtu anayeuza vyombo hivi alipaswa kulijua hilo kabla ya kulijua jina lake. Nilipomwomba aache, akamwita msimamizi. Msimamizi hakuniita mathe, alikuwa na adabu ya tai na kola, lakini alifungua karatasi ya dhamana, akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea kwamba dhamana haihusu uharibifu uliosababishwa na maji. Nikaligeuza sanduku, nikamwonyesha lile tone la buluu. Akalitazama tone, akanitazama mimi, akasema hilo ni la matumizi ya kawaida. Nikamuuliza mvua ya rasharasha msituni ni matumizi gani. Akanijibu kwamba wateja wao wengi ni watu wa safari, na hao hawaleti malalamiko kama haya.

Basi niliondoka na darubini yangu, na katika basi la kurudi nikaitunga tathmini hii kichwani, nayo ilikuwa na neno moja tu: msinunue.

Sasa linakuja lililonivuruga. Mji wa Kale, Mombasa, kuna fundi wa kamera na saa, mtu mzima, ambaye alinikaribisha kwa "Mwalimu, keti kwanza," kisha akaniuliza nilikuwa nikimtazama ndege gani. Hakuuliza nani aliyeninunulia. Aliifungua, akanionyesha kipete kilichokuwa kimekaa upande tangu kiwandani, akaikausha kwa vile vipakiti vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, akaifunga siku ya jua. "Naitrojeni sina," akasema, "nimekufungia hewa kavu tu, usiipeleke mvuani." Alinitoza pesa kidogo kuliko nauli ya basi langu.

Tangu hapo inaona kama siku ya kwanza. Kwenye maji kupwa ya hori ya Mida nimewaona wale ndege wala kaa, weusi kwa weupe, ambao huzaliana pande za Ghuba na Bahari ya Shamu kisha wakaja kwetu, na nimeona mguu wa kaa ukining'inia mdomoni. Kwa haki, basi, ni lazima niseme kwamba darubini yenyewe ni nzuri, tena nzuri sana, na kwamba kipete kimoja kilichokaa vibaya kinaweza kumpata yeyote. Nilikuwa nimekwisha kuandika "inunueni, ila muikinge na mvua", lakini kila nikiisoma sentensi hiyo naisikia ile sauti ikiniuliza ni mzungu gani, nami naifuta. Duka limenitumia ujumbe likiomba niwape nyota. Kitabu nimekipa zote tano. Darubini nimeipa nne, nikarudi nikaifanya mbili, kisha tatu. Huduma sijaijaza chochote, maana kisanduku hakiruhusu sifuri.

Jumamosi tunarudi kwenye mirihi, mvua ikikubali. Atakayeishika kwanza ni yule msichana aliyeona maziwa, na hatahesabiwa thelathini.