Coney Island History Project: Historia ya Bustani za Burudani Inayotunzwa Palepale Zilipokuwa

Kituo cha maonyesho cha Coney Island History Project, kilichopo West 12th Street, Brooklyn, jijini New York, ni chumba ambacho mtu mwenye haraka anaweza kukizunguka na kukimaliza kwa dakika 10, na kiingilio chake ni bure. Wengi wanaofika ufukweni pale kwa ajili ya mabembea na soseji hukipita bila kukitupia jicho. Ninaandika tathmini hii kwa kuwa naona wanapitwa na jambo la maana, na pia kwa kuwa sehemu iliyo bora zaidi ya huduma yake, yaani hazina ya masimulizi yaliyorekodiwa, haimlazimu msikilizaji kufika Marekani hata kidogo.

Msomaji asiyeijua Coney Island aondoe kwanza dhana kwamba ni bustani moja. Ni ncha ya kusini ya Brooklyn inayotazama bahari ya Atlantiki, na jina hilo limebeba bustani kadhaa zilizoshindana, zikarithiana na kuteketea kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alijenga pale reli yake ya vigari vya mteremko, nauli ikiwa senti 5 na mwendo usiozidi kilomita 10 kwa saa. George Tilyou alifungua Steeplechase Park mwaka 1897. Frederic Thompson na Elmer Dundy wakafungua Luna Park mwaka 1903, ikiwa imepambwa kwa taa za umeme zilizohesabiwa kuwa robo milioni. Na mwaka uliofuata ikaja Dreamland, iliyotaka kuwapiku wote. Dreamland iliungua usiku wa Mei 27, 1911, baada ya moto kuanza katika mchezo ulioitwa Hell Gate, mahali ambapo mafundi walikuwa wakiziba mivujo kwa lami ya moto, na haikujengwa tena. Luna Park nayo iliangushwa na moto wa mwaka 1944. Steeplechase ndiyo iliyodumu kuliko zote, hadi ilipofungwa mwaka 1964 na kununuliwa mwaka uliofuata na Fred Trump, baba wa Donald Trump, ambaye mwaka 1966 aliandaa sherehe ya ubomoaji na wageni waalikwa wakarusha matofali kwenye vioo vya ukumbi wake mkuu, Pavilion of Fun. Jengo lenyewe likabomolewa kabla ya mamlaka ya jiji kupata nafasi ya kulitangaza kuwa urithi.

Nimeeleza hayo kwa kirefu kidogo kwa sababu bila kuyajua mgeni ataingia katika kituo hiki na kushangaa mbona vitu vilivyomo ni vichache. Ni vichache kwa sababu vingi viliungua na vingine vilivunjwa makusudi. Taasisi yenyewe, isiyo ya kibiashara, ilianzishwa mwaka 2004 na Carol Hill Albert na Jerome Albert kwa kumuenzi Dewey Albert, mwanzilishi wa Astroland, bustani iliyofunguliwa mwaka 1962 na kufungwa mwaka 2008 baada ya ardhi yake kuuzwa. Waanzilishi walikuwa, kwa maneno mengine, watu wa biashara hiyo hiyo, wenye mabembea, ambao walijua kwa uchungu jinsi uwanja unavyoweza kuwa na pilikapilika msimu mmoja na kuwa kiwanja kitupu msimu unaofuata.

Jambo la kwanza linalostahili sifa ni mahali. Kituo kipo kwenye lango la bustani ya Deno's Wonder Wheel, chini ya gurudumu lililoanza kuzunguka mwaka 1920, lenye urefu wa karibu meta 46 na vibanda 24, ambavyo 16 kati yake huteleza kwenye reli za ndani gurudumu linapozunguka na 8 hubaki mahali pake. Makumbusho mengi huondoa kitu katika maisha yake na kukifungia kwenye kabati la kioo katika mtaa mwingine kabisa. Hapa mtu husoma kuhusu gurudumu huku akisikia mlio wake, na akitoka nje hulikuta likiwa kazini na lenye foleni. Nilimaliza kusoma maelezo ya picha moja ya zamani ya mtaa ule, nikageuka mlangoni, na mtaa wenyewe ulikuwa mbele yangu, na gurudumu lilelile juu yake.

Kati ya vitu vilivyopo, viwili vilinishika zaidi. Cha kwanza ni kibao cha kituo cha ushuru wa barabara cha mwaka 1823, kinachotajwa kuwa ndicho kitu cha zamani kuliko vyote vilivyosalia vya Coney Island, cha enzi ambazo mtu na farasi wake walilipa senti 5 kuvuka kwenda Coney Island, iliyokuwa bado kisiwa wakati huo. Kibao hicho kina umri wa kutosha kumkumbusha mgeni kwamba watu walianza kwenda pale kupunga upepo miongo kadhaa kabla ya bembea ya kwanza. Cha pili ni farasi wa Steeplechase. Mchezo uliotoa jina la bustani ile ulikuwa mashindano ya farasi bandia waliopita juu ya reli za chuma kwa nguvu ya mteremko, na farasi mmoja aliweza kubeba watu wawili, jambo lililowafaa sana wachumba wa zama ambazo kijana hakuruhusiwa kumkumbatia msichana hadharani. Ukimwona farasi huyo kwa karibu, unaacha kumfikiria kama kichezeo cha watoto. Ni mkubwa, ametengenezwa kumbeba mtu mzima, na usalama wa mpandaji ulitegemea zaidi mikono yake mwenyewe.

Kuna pia kichwa cha jitu lenye jicho moja kutoka Spook-A-Rama, nyumba ya vitisho ya mwaka 1955. Kinachekesha, na watoto hukipenda. Sina zaidi la kusema juu yake.

Hazina kuu, hata hivyo, ni sauti. Taasisi hii imerekodi mamia ya mazungumzo na watu walioishi, waliofanya kazi au waliokulia katika eneo lile, na imeyaweka kwenye tovuti yake ili yeyote ayasikilize bila malipo. Mkurugenzi wake, Charles Denson, alikulia Coney Island na ni mwanahistoria wa eneo hilo, na hilo husikika katika namna ya kuuliza. Maswali si ya mgeni anayetaka kusikia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Ni ya mtu anayejua jina la kona na anataka kujua nani alikuwa na kibanda pale na kiliondoka vipi. Mengine yamefanywa kwa Kihispania, Kirusi na Kichina, kwa sababu wakazi wa kusini ya Brooklyn wanazungumza lugha hizo, na taasisi haikuona sababu ya historia ya mahali hapo kubaki mali ya wazungumzaji wa Kiingereza pekee. Uamuzi huo ni wa busara kuliko unavyoonekana, maana mzee aliyetumia maisha yake nyuma ya kaunta ya vyakula hatasema mambo yaleyale katika lugha aliyojifunza ukubwani.

Thamani ya sauti hizi ni kwamba ujuzi wa bustani ya burudani hauandikwi. Cyclone, reli ya vigari vya mteremko iliyofunguliwa Juni 26, 1927, ina mteremko wa kwanza wa karibu meta 26, na breki zake huendeshwa kwa wenzo unaovutwa na mkono wa mtu. Michoro ya wahandisi itakuonyesha mbao na vyuma. Haitakuonyesha jinsi mshika breki anavyotambua uzito wa abiria siku ya mvua. Vivyo hivyo kwa Denos Vourderis, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyeuza vyakula, ambaye hadithi inayosimuliwa na familia yake ni kwamba alimwahidi mchumba wake kumnunulia Wonder Wheel, na mwaka 1983 akalinunua kweli. Hati ya mauzo ingekupa tarehe na bei tu.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Thunderbolt, reli ya mwaka 1925 iliyojengwa juu ya hoteli ndogo ya karne ya 19, kiasi kwamba watu waliendelea kuishi ndani ya nyumba hiyo kwa miongo mingi huku vigari vikipita juu ya paa. Novemba 2000, jiji liliibomoa bila idhini ya mwenyewe, na baadaye jopo la raia walioteuliwa kuamua kesi mahakamani likaona kwamba ubomoaji ule haukuwa halali. Hukumu haikurudisha nyumba. Kinachobaki ni picha na kumbukumbu za watu walioijua, na tofauti kati ya kumbukumbu iliyorekodiwa na isiyorekodiwa ni miaka michache tu ya uhai wa mzee mmoja. Nilipokuwa nikisikiliza nilifikiria wazee wa Unguja wanaokumbuka sikukuu za Mnazi Mmoja na mabembea ya Kariakoo. Kinasa sauti cha simu kinatosha kabisa kwa kazi kama hii.

Nina jambo moja linalonifanya nisitoe sifa zote bila kipimo. Historia ya bustani hizi si ya furaha peke yake, na chumba cha ukubwa huu hakiwezi kuubeba upande wa pili kwa uzito unaostahili. Katika uwanja wa Luna Park iliyokuwa bado inajengwa, tembo aitwaye Topsy aliuawa kwa umeme mbele ya watu mnamo Januari 4, 1903. Mwaka 1905 Luna Park iliwaonyesha Waigorot kutoka Ufilipino kama kivutio cha kulipia, na mwaka uliofuata, katika jiji hilohilo, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa kwenye banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx. Dreamland ilikuwa na mji mzima wa watu wafupi walioishi humo ili watazamwe. Abiria waliposhuka kutoka kwa farasi wa Steeplechase walipitishwa kwenye jukwaa ambapo upepo ulipeperusha sketi za wanawake mbele ya umati uliolipa kuja kucheka. Hata wema wa pale ulikuwa na sura ya maonyesho: daktari Martin Couney aliwatunza watoto njiti katika mashine za joto kuanzia mwaka 1903 hadi 1943, bila kuwatoza wazazi senti, kwa fedha za kiingilio cha watu waliokuja kuwatazama, na aliokoa maelfu ya watoto ambao hospitali nyingi za wakati ule zilikuwa zimewakatia tamaa. Msomaji wa Afrika Mashariki hataweza kutazama picha za fahari za mwaka 1905 bila kuuliza ni nani alisimama upande wa kutazamwa. Ninashauri mgeni aende akiwa amesoma kidogo kuhusu hayo.

Kwa kuwa maswali ya aina hiyo yanahitaji muda na mtu wa kuyajibu, matembezi yanayoongozwa na taasisi, ambayo hulipiwa tiketi, yanamfaa zaidi mwenye kiu ya historia kuliko kutazama vitu peke yake. Usichanganye kituo hiki na Coney Island Museum ya Surf Avenue, inayoendeshwa na taasisi nyingine, Coney Island USA, katika jengo la mwaka 1917 lililokuwa mgahawa wa Childs. Ile ina roho ya sarakasi na maonyesho ya vioja, na waandaaji wake ndio walioanzisha Mermaid Parade, gwaride la watu waliovaa kama nguva, mwaka 1983. Ni mahali pa kuchangamsha, lakini anayetaka kujua watu wa mtaa waliishi vipi aanzie West 12th Street.

Upungufu wa kivitendo upo. Kituo hufunguliwa kwa msimu, hasa wikendi na sikukuu za majira ya joto, saa za mchana, kwa hiyo mgeni wa Januari atakuta mlango umefungwa na upepo wa baharini usio na huruma. Eneo lote ni tambarare na liko karibu mno na maji. Mafuriko ya kimbunga Sandy, Oktoba 2012, yaliingia katika majengo mengi ya pale, na mtu hujiuliza kama kumbukumbu za karatasi zina usalama mahali hapo. Kwa upande wa sauti, wingi wake unaweza kumchosha anayeanza. Nilipata faida zaidi nilipotafuta jina la bembea au la mtaa kwanza, kisha nikafuata watu wanaolitaja, kuliko nilipojaribu kusikiliza kwa mpangilio.

Kufika ni rahisi: treni za D, F, N na Q huishia kituo cha Stillwell Avenue, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Aliye na muda aingie kituoni kwanza, kisha apande Wonder Wheel, na amalizie kwa kutembea hadi kwenye mnara wa Parachute Jump, uliojengwa kwa Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1939 na kuhamishiwa Steeplechase mwaka 1941. Hautumiki tena, lakini ndio kitu pekee kikubwa cha bustani ya Tilyou kilichosalia kikiwa kimesimama. Aliye mbali afungue tovuti na kuanza na mazungumzo ya waendesha mabembea. Ya wanasiasa na wafanyabiashara yanaweza kungoja.